Saa ya mkononi inasema nimevunja 1:45, matokeo yanasema sijavunja. Nimwamini nani?

NyayoZaAlfajiri

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wenu, maana hii ni siku ya tatu nalala na jambo hili na kuamka nalo.

Jumapili nimekimbia nusu marathoni yangu ya sita. Lengo lilikuwa moja tu, kumaliza chini ya saa 1 na dakika 45. Rekodi yangu ilikuwa 1:48:12 ya mwaka jana. Hiyo 1:45 nimeifukuza miaka mitatu. Nina daftari la mazoezi, na kila likijaa nikafungua jipya, kitu cha kwanza kuandika ni hiyo namba, kabla hata ya tarehe.

Hesabu nilishaipiga mapema. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Ili upate 1:45:00 unatakiwa kwenda kwa dakika 4 na sekunde 58 na nusu hivi kwa kila kilomita. Nikaona nisibahatishe, niende kwa 4:57. Kwa 4:57 ningemaliza kwa 1:44:26, na sekunde 34 zingebaki mkononi.

Kwa hiyo kwenye saa niliacha vitu viwili tu, umbali na wastani wa kasi. Muda uliopita niliuficha makusudi, kwa sababu mbio zilizopita uliniingiza woga nikaanza kujibana mapema. Nikasema safari hii nitalinda wastani tu, mengine yatajileta. Na niliulinda kweli. Mwanzoni ulikuwa chini kabisa, 4:46, kisha ukapanda kidogo kidogo, na kuanzia kilomita ya 17 mapaja yalipokuwa mazito nilipigana nao sekunde kwa sekunde usivuke 4:57. Haukuvuka. Niliiona 4:57 nikiwa kwenye mita mia za mwisho na nilivuka mstari mikono juu, nalia kwa furaha.

Nikabonyeza saa ili isimame. 1:45:38.

Nikadhani nimekosea kubonyeza. Matokeo rasmi yakatoka, muda wa chipu, ile inayomhesabia kila mkimbiaji tangu anapovuka mstari wa kuanzia, 1:45:38, haujapungua wala kuongezeka sekunde. Ila saa inasema nimekimbia kilomita 21.34, yaani mita 240 na ushei zaidi ya nusu marathoni. Hizo mita 240 kwa mwendo wangu ni sekunde 72. Ziondoe, unapata 1:44:26 yangu ileile niliyoipanga.

Wenzangu wawili tuliokimbia pamoja saa zao zinasema 21.28 na 21.31. Saa tatu tofauti, zote zinasema njia ilizidi. Kwenye tangazo waliandika kwamba njia imepimwa na ina cheti. Nimeshaandika barua ya malalamiko kwa waandaaji, ndefu, ya adabu, sijaituma. Niitume? Kuna aliyewahi kufanikiwa kudai muda wake?

Muda wangu rasmi, kama utasaidia:
kilomita 5: 24:18
kilomita 10: 49:02
kilomita 15: 1:14:05
kilomita 20: 1:40:00
mwisho: 1:45:38

Hali ya hewa ilikuwa tulivu, sikuumwa popote, viatu ni vilevile vya mazoezi. Wiki nne kabla nilikimbia kilomita 10 kwa 47:10. Sina cha kusingizia zaidi ya hizo mita.

BaiskeliNaTepu

Dada, kwanza hongera. Kutoka 1:48:12 hadi 1:45:38 umekata dakika mbili na sekunde 34, na hiyo ni rekodi yako mpya hata kama siyo uliyoitaka. Naona hukuitaja kabisa kwenye maelezo yako na imenisikitisha kidogo.

Pili, barua usiitume bado. Nimeshiriki kupima njia za mbio mara nne, nikueleze kinachofanyika halafu uamue mwenyewe.

Njia yenye cheti haipimwi kwa gari wala kwa saa ya satelaiti. Inapimwa kwa baiskeli. Kwenye gurudumu la mbele kunafungwa kidude kinachoitwa Jones, kinachohesabu mzunguko wa gurudumu kwa vipande vidogo vidogo. Kabla ya kuanza, mnatafuta kipande cha barabara kilichonyooka, mnakipima kwa tepu ya chuma, mita 300 au zaidi, kisha mpanda baiskeli anakipita mara nne ili ijulikane kidude kinahesabu ngapi kwa kilomita moja. Mkimaliza kupima njia yote mnarudi kwenye kipande kilekile na kukipita tena mara nne, kwa sababu tairi likipata joto hewa ndani hutanuka na hesabu hubadilika. Mara yangu ya kwanza tulianza saa kumi usiku ili tusigongane na magari, mimi nikiwa nimeshika tochi na daftari, na mpimaji alirudia kona moja mara tatu kwa sababu alihisi ametoka nje kwa upana wa kiganja. Watu hawa si wa mchezo.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo jibu lako lilipo. Baiskeli hupita njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kuipita kihalali. Kwenye kona hukaa sentimita 30 tu kutoka ukingo wa ndani. Kona ikienda kulia kisha kushoto, baiskeli hukata moja kwa moja kutoka ukingo huu hadi ule, haifuati mkunjo wa barabara. Halafu juu ya hapo huongezwa sehemu moja ya elfu, ili njia isije ikapungua kwa bahati mbaya. Kwa nusu marathoni nyongeza hiyo ni mita 21. Kwa hiyo ndiyo, njia yako huenda ilikuwa ndefu kidogo kuliko 21.0975, lakini kwa mita kama 20, siyo 240.

Zilizobaki zimetoka wapi? Sehemu ni wewe mwenyewe. Kona ya nyuzi 90 ukiizunguka mita 5 nje ya njia fupi, umeongeza karibu mita 8. Kona 20 za namna hiyo ni mita 157. Hujachoka zaidi kwa sababu ya waandaaji, umechoka kwa sababu ulikimbia nje ya kona. Hata uwanjani ni hivyohivyo, kwenye uwanja wa mita 400 mtu wa njia ya pili hukimbia kama mita 7 zaidi kila mzunguko, ndiyo maana kwenye mbio za mzunguko mmoja hawaanzii mstari mmoja.

Sehemu nyingine ni saa. Kila baada ya muda mfupi inakisia ulipo kwa ishara za satelaiti, na makisio yanayumba, mara kushoto, mara kulia, hasa kwenye majengo marefu na chini ya miti. Kisha inaunganisha nukta hizo. Mstari unaoyumba siku zote ni mrefu kuliko ulionyooka, kwa hiyo kwenye mbio za barabarani saa huelekea kuzidisha. Ndiyo sababu saa tatu zinakubaliana. Hazikuthibitishana, zilikosea kuelekea upande mmoja.

Na 4:57 ni wastani wa kilomita za saa, si wa kilomita za barabara. Gawa 1:45:38 kwa 21.0975 uone, utapata 5:00.

Mbio zijazo zima kile kitu kwenye saa kinachokata kilomita chenyewe. Bonyeza kwa kidole kila unapopita bango la kilomita, na urudishe muda uliopita kwenye kioo. Ule ulioficha ndio muda wanaoutangaza mwishoni.

Niongeze moja, ingawa haikuhusu moja kwa moja. Masharti ya njia ni magumu kwa kila mtu. Mwaka 2011 pale Boston, Geoffrey Mutai alikimbia marathoni kwa 2:03:02, na hakuna aliyekuwa amewahi kufika hapo. Haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu njia ile inashuka kupita kiasi na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo. Alikimbia kweli, muda ni wake, lakini njia haikukidhi. Ya kwako imekidhi, na muda wako unasimama.

MzeeWaMzunguko

Mwanangu NyayoZaAlfajiri, nina miaka 66, nimekimbia tangu ujana na sasa nawasaidia wengine kukimbia. Huyo wa baiskeli kasema kweli tupu kuhusu saa. Lakini mimi nimekaa na zile namba zako za kila kilomita 5, maana huwa napenda kuzisoma kuliko maelezo ya mkimbiaji, na zimeniambia jambo ambalo wewe umelipita haraka.

Kwa 1:45:00, kila kilomita 5 ilitakiwa iwe 24:53. Angalia ulivyokwenda:

ya kwanza 24:18, mbele ya ratiba sekunde 35
ya pili 24:44, mbele sekunde 9
ya tatu 25:03, nyuma sekunde 10
ya nne 25:55, nyuma sekunde 62

Kisha kile kipande cha mwisho cha kilomita moja na kitu, ambacho kilihitaji 5:28, ukakimbia 5:38.

Umeona? Ulipopita bango la kilomita 15 ulikuwa bado uko mbele ya 1:45 kwa sekunde 34. Barabara haikukudhulumu mahali popote mpaka hapo. Kilomita 6 za mwisho ndizo zilizokula kila kitu, na zilikula kwa sababu ya zile 5 za kwanza.

Uwezo unao. Mhandisi mmoja Mmarekani, Pete Riegel, alitengeneza kanuni ya kukadiria muda wa umbali mmoja kutokana na mwingine, na mpaka leo inatumika sana. Kutoka kilomita 10 kwenda nusu marathoni unazidisha kama mara 2.2. Hiyo 47:10 yako inatoa takriban 1:44. Kwa hiyo lengo halikuwa ndoto.

Ila kukimbia kilomita 5 za kwanza kwa 4:51 wakati mwili wako umezoea 4:58 si sawa na kukopa sekunde 7 na kuja kulipa sekunde 7. Kasi ikipita kiwango mwili unachoweza kukihimili kwa saa nzima, pumzi inabadilika, na misuli inaanza kuchoma ile sukari yake iliyohifadhiwa kwa pupa. Baadaye ukitaka ile sukari haipo. Ulichukua sekunde 44 kwenye kilomita 10 za kwanza, ukalipa 82 baadaye. Piga hesabu, 38. Ndizo ulizokosa.

Mwaka 2019, tarehe 12 Oktoba, Eliud Kipchoge alipokimbia 1:59:40 kule Vienna, kila kilomita katika zile 42 ilikuwa kati ya 2:48 na 2:52. Zote. Alikuwa na kundi la wasaidizi na gari lililomchorea mistari ya mwanga barabarani, na haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini waliopanga jambo lile walijua kinachohitajika zaidi ni mwendo usiotikisika. Na marehemu Kelvin Kiptum, Chicago, Oktoba 2023, nusu ya kwanza 60:48, nusu ya pili 59:47. Jumla 2:00:35. Alikimbia haraka zaidi alipokuwa amechoka zaidi.

Nina maswali mawili. Wiki yako ya mazoezi ikoje? Na ulisimama wapi kwenye mstari wa kuanzia?

MbeleKwaMbele

Heshima kwako mzee, lakini naomba nipinge kidogo. Kuna watu tukianza taratibu hatuamki kabisa. Mimi rekodi zangu zote nimezipata kwa kutangulia na kuvumilia. Na Filbert Bayi je? Christchurch 1974, mita 1500, aliongoza tangu bastola ilipolia mpaka mwisho, 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker alikuja nyuma yake, naye akapita rekodi ya zamani, na bado hakumfikia. Bayi angesubiri kama wengine, siku ile isingekuwepo. Dada, usitolewe moyo wa kutangulia. Ongeza mazoezi ya kilomita nyingi ili mwisho usikuangushe.

MzeeWaMzunguko

Kijana wangu, Bayi namheshimu kuliko nitakavyoweza kuandika hapa, na ile mbio naikumbuka ilivyotangazwa. Lakini ile ilikuwa dakika tatu na nusu. Huyu dada anakaa barabarani saa moja na dakika 45. Kwenye mita 1500, ukiishiwa umebakiwa na mita 200. Ukiishiwa kwenye kilomita ya 15 umebakiwa na nusu saa. Kama kutangulia kunakufaa wewe, endelea. Kwake yeye namba zimeshasema.

NyayoZaAlfajiri

Nimesoma yote mara mbili, halafu nikatoka kidogo nikatembea, ndiyo nimerudi.

BaiskeliNaTepu, ile kugawa nimeifanya, ni 5:00 kweli. Nimefungua ramani ya saa na kuikuza. Kwenye kona ya kilomita ya 8 mstari wangu unapita juu ya paa la jengo, na kilomita ya 13 unaonyesha nilivuka barabara nikarudi, jambo ambalo sikulifanya. Lakini pia naona kona ambazo kweli nilizunguka nje kabisa, ukingoni, kwa sababu nilikuwa nakwepa watu. Sikuwahi kufikiria kwamba zinahesabika.

Mzee, shikamoo. Nakujibu.

Nakimbia mara nne kwa wiki, jumla kama kilomita 46. Jumanne mazoezi ya kasi, kwa kawaida mita 400 mara kumi. Jumatano na Ijumaa kilomita 10, Jumapili kilomita 18 hadi 20. Zote hizo ambazo si za kasi nazikimbia kwa 5:20. Nimekuwa nikijisifu kwamba sishuki hapo hata nikiwa nimechoka.

Kusimama: nilisimama nyuma kabisa. Foleni ya choo ilikuwa ndefu, nikatoka dakika nne kabla ya kuanza, sikuweza tena kupenya. Bastola ilipolia ilinichukua zaidi ya dakika moja na nusu kufika mstarini. Nilijua chipu inaanza kuhesabu pale nitakapovuka, lakini moyo haukujua. Niliona wale wa mwendo wangu wako mbali mbele na nikaanza kuwafukuza, napita huku, napita kule, mpaka pembeni kwenye majani. Kilomita ya pili nilikimbia 4:41. Naikumbuka pumzi yangu pale, ilikuwa inatoka kwa kelele, na kuna mama mmoja niliyempita aliniangalia kwa huruma. Nilidhani ananionea wivu wa kasi. Sasa namwelewa.

Nina mbio nyingine wiki kumi kuanzia leo. Niambieni nifanye nini.

MzeeWaMzunguko

Marahaba mwanangu. Umejibu vizuri, na kwa ukweli.

Hiyo 5:20 ndiyo inayokuchosha bila kukujenga. Kwa mtu wa 4:58, siku nyepesi ni 5:50, hata 6:10. Kipimo si saa, ni mdomo. Uweze kuongea sentensi nzima, yenye mwanzo na mwisho, bila kuivunja kwa kuhema. Ukishindwa, punguza. Wiki mbili za kwanza utajiona mzembe. Vumilia.

Mita 400 mara kumi ni mazoezi mazuri kwa mbio fupi. Kwako badilisha, Jumanne ziwe kilomita 3 mara tatu kwa 4:58, katikati unakimbia polepole dakika mbili. Usiende 4:50 kwa sababu unajisikia vizuri. Utajisikia vizuri kwenye ile ya kwanza, kila mtu hujisikia. Ninataka ile ya tatu iwe sawa na ya kwanza. Ikishakuwa rahisi, baada ya wiki nne hivi, fanya kilomita 4 mara tatu.

Jumapili moja kati ya mbili, katika zile kilomita 18, tano za mwisho zikimbie kwa mwendo wa mbio. Miguu ijifunze kwenda 4:58 ikiwa tayari imechoka, maana ndicho kitu ilichokataa kilomita ya 17.

Wiki mbili za mwisho punguza umbali, karibu nusu. Kasi usiipunguze, idadi tu. Wengi hukosea hapo, wanaona wanapoteza uwezo, wanaongeza. Mwili unapumzika na kujitengeneza siku hizo.

Siku ya mbio, kilomita 3 za kwanza kimbia kwa 5:02. Ndiyo, polepole kuliko lengo. Utapitwa na watu, waache wapite.

KifuaMbele

Mimi niongeze la choo, kwa sababu linaonekana dogo na limemgharimu dada sekunde nyingi. Fika saa nzima na nusu kabla. Nenda chooni mara tu unapofika, pasha misuli joto, nenda tena ikibidi, lakini dakika 15 kabla ya kuanza uwe umeshaingia kwenye kundi. Tafuta wale wenye kibao au bendera ya muda, yaani wakimbiaji wanaowaongoza wengine kumaliza kwa muda ulioandikwa pale. Ukiwapata wa 1:45 simama nyuma yao hatua chache, usijibanze nao, maana kila mtu anawazonga na kona zote utaziona kwa visogo vya watu.

Na jambo jingine, hao wenye bendera nao ni binadamu, wengine huanza kwa pupa. Angalia mabango yako mwenyewe.

NyayoZaAlfajiri (wiki kumi baadaye)

Wakuu, nimerudi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ile wiki ya kwanza ya kukimbia 5:55 ilinitesa kuliko mazoezi yoyote ya kasi. Siku ya tatu nilisimama kabisa barabarani nikiwa na hasira, naona kama nachezea muda wangu. Nilijilazimisha kuongea kwa sauti, sentensi nzima, kama mzee alivyosema. Wiki ya tano nilikimbia zile kilomita 3 mara tatu, 14:55, 14:54, 14:53, na nikamaliza nikiwa bado nina cha kutoa. Nilikaa chini nikaandika hizo namba tatu kwenye daftari kabla hata ya kunywa maji.

Usiku wa kabla ya mbio nilikata kipande cha karatasi upana wa kidole, nikaandika muda wa kila kilomita kuanzia ya kwanza hadi ya 21, nikakifunika kwa selotepu na kukizungusha kwenye mkono wa kushoto juu ya saa. Kwenye saa niliacha muda uliopita peke yake. Wastani wa kasi niliuondoa.

Nilifika mapema, nikasimama nyuma ya bendera ya 1:45. Kilomita ya kwanza 5:03. Ya pili 5:02. Walinipita watu wengi mno, hadi mzee mmoja mwenye nywele nyeupe, na kila aliyenipita nilihisi ananivuta kwa kamba. Nilitazama karatasi tu. Bango la kilomita 5, nikabonyeza, 25:06. Nilikuwa nyuma ya ratiba kwa sekunde 13 na nilikuwa napumua kwa pua.

Kona nilizikimbia kama baiskeli. Hili lilinishangaza sana. Barabara ilipopinda kulia kisha kushoto, kundi lote lilifuata mkunjo kama maji kwenye mfereji, mimi nikachagua ukingo wa kona inayofuata nikaunyookea. Kuna dada mmoja mwenye fulana ya njano tulikuwa bega kwa bega, yeye akaenda nje, mimi ndani, na tulipokutana tena nilikuwa mbele yake hatua nne hivi, bila kuongeza chochote.

Kilomita 10 ilikuwa 49:58, kilomita 15 ilikuwa 1:14:49. Bado nilikuwa nyuma kwa sekunde 10. Hapo ndipo nilipoogopa. Safari iliyopita pale nilikuwa mbele kwa sekunde 34 na nikashindwa, sasa niko nyuma, je itakuwaje? Lakini miguu ilikuwa yangu bado. Kilomita ya 17 ilikuja, nikaisubiri ile hali ya mapaja kukataa, haikuja. Ilikuja kwenye 19, na ilikuja ikiwa ndogo.

Kilomita 20 ilikuwa 1:39:33. Karatasi inasema 1:39:32. Nilibonyeza kwa kidole gumba kilicholowa jasho, kikateleza, nikabonyeza tena, na sikuangalia saa tena mpaka mwisho.

1:44:54.

Ndiyo muda wa chipu. Kilomita 5 za mwisho kabla ya bango la 20 nilizikimbia kwa 24:44, kasi kuliko tano nyingine zote. Kipande cha mwisho 5:21. Nilipovuka sikunyanyua mikono, nilishika magoti, na yule dada wa fulana ya njano alikuja akaniwekea mkono mgongoni, naye alikuwa amemaliza sekunde chache nyuma yangu.

BaiskeliNaTepu, hili ni lako. Nyumbani nimefungua saa. Umbali inasema kilomita 21.19. Wastani wa kasi 4:57. Ileile.

Mzee, asante sana. Nimeanza kupumzika leo, niambie ni siku ngapi kabla sijagusa viatu tena.

Ile barua niliifuta usiku uleule mliponijibu, ila nilikuwa sijawaambia.

MzeeWaMzunguko

Siku saba bila kukimbia kabisa, tembea tu. Wiki inayofuata nenda mara tatu, nusu saa nusu saa, kwa mwendo wa kuongea. Halafu njoo hapa na zile namba za kila kilomita, zote 21, siyo za tano tano. Nataka kuiona ya 19.